Kumaliza Mkopo wa Nyumba Kabla ya Siku Yake

(Mada iliyotolewa kwa wanachama na wageni katika sherehe ya chama chetu kutimiza miaka kumi)



  

Kamati ya sherehe imenipa mada inayowagusa wengi humu ukumbini, ingawa si wote wanaopenda kuisema kwa sauti. Mada yenyewe ni mkopo wa nyumba, na jinsi ya kuumaliza kabla ya siku iliyoandikwa kwenye mkataba. Ninaposema mkopo wa nyumba nina maana mbili. Kwanza ni mkopo uliochukuliwa ili kununua, kujenga au kumalizia nyumba. Pili ni mkopo wa biashara au wa shamba ambao dhamana yake ni nyumba. Yote miwili ina jambo moja la kufanana: ukishindwa kulipa, mnada unafanyika mlangoni kwako. Kwa hiyo nawaomba akina mama mnisikilize kwa makini, na mwenye kalamu aandike, maana leo tutapiga hesabu.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, ile tuliyozoea kuiita THB. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, miaka kumi baada ya Shirika la Nyumba la Taifa kuanzishwa mwaka 1962. Katika miaka hiyo ya 1970 ulikuja pia mradi wa viwanja vyenye huduma, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ilihusu Dar es Salaam, Mwanza na hapa kwetu Mbeya. Awamu ya pili ikaongeza miji mingine, na Iringa ikawamo. Watu walipata viwanja, wengine wakapata mikopo, wakajenga.

Lakini mikopo mingi ya THB haikurejeshwa, na mwaka 1995 benki ile ikafungwa. Kuanzia hapo, kwa miaka mingi, mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa fedha za nyumba kwa muda mrefu. Tukarudi kwenye njia yetu ya siku zote: mwaka huu unachoma tofali, mwaka ujao unapandisha boma hadi lenta, mwaka wa tatu unatafuta bati. Nyumba nyingi za Uyole, Kihesa, Ilula na Mafinga zimejengwa hivyo, na nyingi zimejengwa na akina mama.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuyapa mabenki fedha za muda mrefu za kukopesha wenye kutaka nyumba. Mwaka ule wa 2010 riba ya mikopo hiyo ilikuwa kama asilimia 22 hadi 24 kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata ikashuka, mikopo mingi ikawa kati ya asilimia 15 na 19. Ni nafuu, ndiyo. Lakini asilimia 18 kwa mwaka kwa muda wa miaka kumi si mchezo. Hebu tuone.

DENI LINAVYOKULA

Tuseme mama mmoja amekopa Sh. 20,000,000/= kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kila mwezi juu ya salio la deni. Muda ni miaka kumi, yaani miezi 120. Rejesho lake la kila mwezi litakuwa kama Sh. 360,370/=.

Mwezi wa kwanza, riba peke yake ni Sh. 300,000/=. Maana yake ni kwamba katika zile 360,370/= alizopeleka, zilizopunguza deni ni 60,370/= tu.

Mwaka wa kwanza ukiisha, mama huyu amelipa Sh. 4,324,000/= na ushee. Deni limepungua kiasi gani? Laki saba na elfu themanini na saba hivi. Hata milioni moja haikufika!

Miaka mitano ikiisha, ambayo ni nusu ya safari, amekwisha kulipa zaidi ya Sh. 21,600,000/=. Amepita zile milioni ishirini alizokopa. Akienda kuuliza salio anaambiwa bado anadaiwa kama Sh. 14,190,000/=. Hapo ndipo mtu anafikiri ameibiwa. Hajaibiwa. Hesabu ndivyo ilivyo: mwanzoni deni ni kubwa, kwa hiyo riba ni kubwa, na rejesho karibu lote linamezwa na riba. Akifika mwisho wa miaka kumi atakuwa amelipa Sh. 43,240,000/= na zaidi kidogo. Nyumba moja, bei ya nyumba mbili.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi naongeza kwamba matanga hayo yanaweza kufupishwa.

SHILINGI YA MWANZO NA SHILINGI YA MWISHO

Sasa tuseme mama yuleyule, tangu mwezi wa kwanza, anaongeza Sh. 50,000/= juu ya rejesho lake. Hiyo ni kama Sh. 1,700/= kwa siku. Badala ya 360,370/= anapeleka 410,370/=. Matokeo yake ni nini? Deni linaisha katika mwezi wa 89 badala ya wa 120. Amepunguza miezi 31, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu, na amebakiza mfukoni kama Sh. milioni saba.

Mfano wa pili. Mama huyu haongezi kitu kila mwezi, ila mwisho wa mwaka wa kwanza ameuza viazi vizuri, akapeleka Sh. 1,000,000/= mara moja ili ipunguze deni. Hiyo milioni moja inafuta marejesho ya zaidi ya miezi kumi na miwili ya mwisho, ambayo jumla yake ni kama milioni nne na nusu. Je, milioni hiyohiyo angeipeleka mwisho wa mwaka wa nane? Ingefuta miezi kama minne tu, kama milioni moja na laki nne.

Akina mama, hapo ndipo penye siri yenyewe. Shilingi inayopelekwa mapema ina nguvu kuliko shilingi inayopelekwa baadaye. Kwa hiyo usiseme, "Nitaanza kuongeza watoto wakimaliza shule." Anza na kidogo ulicho nacho leo, kwa sababu haba na haba hujaza kibaba.

KWANZA JUA RIBA YAKO NI YA AINA GANI

Hesabu hizo zote zinafanya kazi kama riba yako ni ile inayopungua kadiri deni linavyopungua. Ipo riba nyingine ambayo haipungui: inahesabiwa juu ya kiasi chote ulichokopa, toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama umebakiza deni dogo.

Mfano mdogo, wa kichamachama. Umekopa Sh. 1,200,000/= kwa miezi 12, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi. Kwa riba isiyopungua utalipa riba ya Sh. 18,000/= kila mwezi, jumla 216,000/=. Kwa riba inayopungua, ukirejesha 100,000/= ya deni kila mwezi, riba inaanza 18,000/=, mwezi wa pili 16,500/=, wa tatu 15,000/=, hivyo hivyo hadi mwisho, jumla Sh. 117,000/=. Jina ni lilelile, "asilimia moja na nusu," lakini tofauti ni karibu laki nzima.

Mwenye riba isiyopungua akilipa mapema huenda asiokoe kitu, isipokuwa mkataba useme kwamba atapunguziwa. Kwa hiyo kabla hujahangaika, soma mkataba wako au mpe mtoto wa sekondari akusomee, na ujibiwe maswali haya manne:

1. Riba yangu inapungua au haipungui?
2. Riba inaweza kubadilishwa katikati ya mkopo, au imefungwa hadi mwisho?
3. Nikilipa zaidi au nikimaliza mapema, nitatozwa ada? Kiasi gani?
4. Nikilipa zaidi, fedha ile itakwenda wapi?

Mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinazomtaka mkopeshaji aeleze masharti yake kwa uwazi. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu, ni haki yako. Uliza kwa barua, ujibiwe kwa barua.

NJIA ZENYEWE

(a) Sema kwa maandishi fedha ya ziada iende wapi. Hili ndilo la kwanza. Ukipeleka fedha ya ziada bila maelezo, inaweza kukaa kwenye akaunti ikisubiri rejesho la mwezi ujao. Hapo hujapunguza kitu, umetanguliza tu. Andika: "Fedha hii ipunguze deni la msingi." Halafu mwezi unaofuata chukua taarifa ya mkopo, uangalie kama salio limeshuka.

(b) Omba muda upungue, rejesho libaki palepale. Ukipunguza deni kwa mkupuo, ofisa mikopo anaweza kukuuliza: mama, tukupunguzie rejesho la kila mwezi au tukupunguzie muda? Rejesho dogo linavutia, sikatai. Lakini faida kubwa iko kwenye kupunguza muda. Kama rejesho la sasa unalimudu, liache lilivyo.

(c) Fuata msimu wako. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatupati fedha kwa mwezi kama karani. Mwenye mpunga Mbarali au Kyela, mwenye viazi Uyole na Umalila, mwenye ndizi Rungwe, mwenye nyanya Ilula, mwenye chai au miti Mufindi, kila mmoja ana mwezi wake wa neema. Katika mwezi huo mahitaji nayo yanaamka yote kwa pamoja: harusi, kitenge, simu mpya. Weka nadhiri kabla ya mavuno kwamba sehemu fulani, tuseme moja ya tano, inakwenda kwenye deni kabla haijafika nyumbani. Ikishafika nyumbani, jamani, mnajua wenyewe.

(d) Ipe nyumba kazi ijilipe. Chumba cha uani kinaweza kulipa deni la nyumba kubwa. Mbeya tuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Iringa kuna Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa, na wote hawaenei mabwenini. Kwetu desturi ni mpangaji kulipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Vyumba viwili vya Sh. 50,000/= kila kimoja, kwa miezi sita, ni Sh. 600,000/=. Mkupuo huo, ukishatoa fedha ya ukarabati, upeleke moja kwa moja kwenye deni.

(e) Mgao wa chama na zamu ya mchezo. Mwisho wa mwaka tunagawana. Wengine wana mchezo wa wiki huko sokoni. Fedha hizo hukuzitegemea kwa chakula cha kila siku, basi ndizo nyepesi kupeleka kwenye deni.

(f) Kuhamisha mkopo. Kama uliukopa wakati riba iko juu, na sasa mkopeshaji mwingine anatoza pungufu, unaweza kuuhamishia huko. Lakini piga hesabu kwanza. Kuna gharama ya mthamini, ya mwanasheria, ya kufuta rehani ya kwanza na kusajili ya pili, na bima. Kama gharama hizo zinameza nafuu ya riba, kaa ulipo. Na kama umebakiza miaka miwili tu, mara nyingi hakuna faida, kwa sababu riba kubwa umekwisha kuilipa.

(g) Usikope juu ya mkopo. Umelipa miaka mitatu, deni limeanza kushuka, unapigiwa simu: "Mama, unastahili kuongezewa." Fedha inaingia siku hiyohiyo na muda unaanza upya. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe hapa ni nyumba yako. Mtu anaweza kulipa miaka kumi na mitano akiwa bado yuko mwaka wa pili wa deni.

WAKATI WA KUTOKUHARAKISHA

Sitaki mtoke hapa mkauze mbuzi wote. Kuna wakati kulipa haraka ni kujiumiza.

Kwanza, kama una deni lingine lenye riba kali zaidi, anza na hilo. Wote mnaijua ile mikopo inayoitwa kausha damu, inayofuatwa mlangoni kila wiki. Deni la nyumba la asilimia 18 kwa mwaka ni mpole mbele ya deni linalotoza asilimia 20 kwa mwezi. Maliza kausha damu, kisha rudi kwenye nyumba.

Pili, usimalize akiba ya dharura. Ukishaipeleka fedha kwenye deni la msingi, benki hairudishi ukiugua. Weka kwanza akiba ya marejesho ya miezi mitatu, na ada ya Januari, ndipo uanze kuongeza.

Tatu, usile mtaji. Mtaji ndio unaoleta rejesho. Mama anayeuza mitumba Mwanjelwa akiutoa mtaji wote ili amalize deni, mwezi ujao atakopa tena ili anunue mzigo, na atakopa kwa riba kubwa zaidi.

Na hapa Mbeya tusisahau. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Soko la SIDO likaungua mwaka 2017. Bidhaa ziliteketea usiku mmoja. Moto unaunguza mali, akina mama, hauunguzi deni. Aliyekopa kwa dhamana ya nyumba akapoteza mzigo wote sokoni anabaki na rejesho lilelile asubuhi yake. Ndiyo maana nasema akiba ya dharura kwanza, na mwenye uwezo akatie bima ya moto mzigo wake. Uliza pia kama mkopo wako una bima ya maisha, na inalipa nini. Mikopo mingi ya nyumba inayo, ili mkopaji akifariki salio lilipwe na watoto wasitolewe nje. Lakini familia isiyojua kwamba bima ipo haitaidai. Waambie watoto wakubwa, au ndugu unayemwamini.

MAMA NA HATI YA NYUMBA

Ndugu zangu, hili nalisema polepole. Hesabu zote hizi ni bure kama hujui kwamba nyumba unayolala imewekwa rehani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mwanandoa hawezi kuuza, kuweka rehani wala kuikodisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na saini au ushahidi kwamba mwenzi ameridhia. Sheria hiyo inatukinga sisi, na inawakinga akina baba pia, kwa maana siku hizi na sisi tunakopa.

Sasa shida iko wapi? Shida ni saini ya heshima. Baba anasema, "Weka saini hapa, ni mambo ya benki," mama anaweka. Ile saini ndiyo ridhaa yenyewe. Ukishaisaini huwezi kesho kusema hukujua. Kwa hiyo kabla hujaweka saini, uliza: tunakopa kiasi gani, kwa miaka mingapi, rejesho ni shilingi ngapi, na litatoka wapi? Muulize baba kwa upole, mkiwa wawili, wala si kwa ugomvi. Mume mwema hatakasirika, na mkopo ambao wote wawili wanaujua hulipwa haraka kuliko mkopo wa mtu mmoja. Wanaopanga pamoja ndio wanaopata ile 50,000/= ya kuongeza.

Na wajane na wasio na waume, nanyi andikeni mahali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Deni nalo lisipoandikwa huwapotezea warithi nyumba.

SIKU YA KUMALIZA

Umelipa la mwisho. Umepiga vigelegele. Usiende nyumbani bado! Sheria ya Ardhi inamtambulia mkopaji haki ya kukomboa rehani yake akishalipa deni lote, lakini karatasi hazitembei zenyewe. Hakikisha una mambo manne mkononi: barua ya mkopeshaji kwamba deni limekwisha, hati ya kufuta rehani iliyosainiwa, uthibitisho kwamba ufutaji huo umesajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hati yako ya nyumba, ile halisi, si kivuli. Bila kusajili ufutaji, kwenye daftari la serikali nyumba bado inasomeka kuwa ni rehani, na siku watoto wanataka kuiuza au kuigawana ndipo taabu itakapoanza, wakati hata yule ofisa mikopo alikwisha kuhama zamani. Risiti zote zifungwe kwenye bahasha moja, zisichanganywe na karatasi za shule.

PENDEKEZO KWA CHAMA

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa jambo linalotuhusu wenyewe, maana si vizuri kuzisema benki na kujisahau.

Chama chetu kinakopesha kwa riba isiyopungua. Mwanachama akimaliza mkopo wa miezi 12 katika mwezi wa sita, bado tunamtoza riba ya miezi yote. Kwa mfano ule wa Sh. 1,200,000/=, tunachukua 216,000/= wakati fedha yetu amekaa nayo nusu mwaka. Kwa riba inayopungua angelipa Sh. 85,500/=. Matokeo yake hakuna anayeona sababu ya kulipa mapema, na wenzake wanasubiri mkopo kwenye foleni.

Najua Mweka Hazina ataniuliza: riba ikipungua, mgao wa mwisho wa mwaka utatoka wapi? Swali zuri, na sitalikwepa. Ni kweli, kwa kila mkopo mmoja chama kitapata pungufu. Lakini fedha inayorudi mapema inakopeshwa tena, na foleni yetu ya maombi mnaijua. Fedha iliyorudi haina hatari ya kupotea. Na riba tunayoilipa inatoka mifukoni mwetu wenyewe. Mwenye kufurahia mgao mkubwa Desemba ajiulize ni nani aliyeulipa tangu Januari. Mara nyingi ni yule mwenzetu mwenye shida zaidi, aliyekopa mara nyingi zaidi.

Sisemi tubadilishe leo. Nasema mambo mawili yapelekwe kwenye mkutano mkuu. La kwanza, tujaribu riba inayopungua kwa mwaka mmoja, kwa mikopo ya kumalizia nyumba tu, tuone hesabu inasemaje. La pili, tuanzishe mfuko mdogo wa rehani, ambao mwanachama aliyepatwa na moto, ugonjwa au msiba anaweza kuazima marejesho ya mwezi mmoja au miwili, ili nyumba isifike mnadani kwa sababu ya laki tatu. Chama chetu kiko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, katika daraja la nne la vikundi vya kijamii, kwa hiyo mabadiliko hayo yaandikwe kwenye katiba na kupitishwa inavyopasa.

Akina mama wenzangu, miaka kumi iliyopita wengi wetu tulikuja hapa kutafuta fedha ya mtaji na ya ada. Leo humu ndani kuna wenye nyumba, na kuna wenye maboma yanayosubiri bati. Kuna pia wenye nyumba ambazo hati zake zimelala kwenye kabati la mtu mwingine. Hati hizo zirudi nyumbani, na zirudi tukiwa bado na nguvu za kuzifurahia. Dawa ya deni ni kulipa, na inayonywewa mapema ndiyo inayoponya haraka.

   Sasa mwenye swali na aulize, na mwenye mkataba wake kwenye mkoba tuonane baada ya chakula.